Injini Niliyoigeuza Mwenyewe

Pawatila yangu, trekta dogo la kushikwa kwa mikono, ilikufa jaruba la tatu la mpunga likiwa limelimwa nusu. Ilipiga mlio mmoja mkali, ikatoboka ubavuni, oili nyeusi ikamwagika kwenye tope, ikanyamaza. Mafundi husema injini imenoki. Mimi nilibaki nimeshika mikono yake miwili kama mtu anayemsaidia mgonjwa kutapika, sijui niachie au niendelee kushika.

Jirani yangu alikuwa mpakani na ng'ombe wake wa kulimia. Huyu ni mwanamke wa rika langu, tumezeeka tukichunguliana majaruba, na katika maisha yake hajawahi kukosa kuwepo mahali ambapo mimi ninaaibika.

"Pole, mwenzangu," akasema. "Mimi ng'ombe wangu hawanoki."

"Hawanoki, wanakunya," nikamjibu. "Na wanakula hata siku ambayo hawalimi."

Akacheka, akawapiga ng'ombe wake mjeledi, akaenda zake kwa mwendo wa polepole, ili nimwone vizuri.

Pawatila ile aliniachia marehemu mume wangu. Alipofariki, ndugu zake walikuja kuitazama kwa macho ya fisi. Mmoja akasema mwanamke hawezi kuendesha chuma kile, bora waichukue wao waitunze. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaivuta mpaka uani, nikaipiga hendeli mwenyewe, ikawaka, nikawazunguka nayo pale walipokaa mpaka chai yao ikajaa vumbi. Hawakuitaja tena. Upande huu wetu wa Kamanga mimi ndiye mwanamke wa kwanza kulima mpunga na pawatila, na nimesoma mpaka darasa la nne tu. Nalisema hili kwa kila mtu, hata kwa ambaye hajaniuliza.

Sasa kifo cha injini kilikuja wakati mbaya. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha ardhi, na zile kubwa zilikuwa zinakaribia. Zikishajaza majaruba kabla hujalima, umekwisha, mwaka huo utanunua mchele dukani kama mtu wa mjini.

Na kuna mtu alikuwa anangoja mwaka huo kwa hamu. Mwanangu wa kwanza.

Mwanangu wa kwanza anakaa mjini, ng'ambo ya ziwa, Butimba, kwenye nyumba ya marumaru. Anafanya kazi ya ofisini na ana tumbo la kazi ya ofisini. Ni mtoto mwema, sikatai, ananipigia simu kila Jumapili. Ila kila Jumapili wimbo ni mmoja: mama umezeeka, mama njoo ukae na sisi. Niliwahi kukaa wiki mbili. Choo kiko pua kwa pua na jiko. Geti linafungwa mchana. Jirani wa ukuta mmoja alifiwa, tukajua siku ya tatu kwa sababu magari yalikuwa yamezuia njia. Mke wa mwanangu ananisalimia shikamoo macho yake yakiwa kwenye simu, na wajukuu wangu nikiwauliza wamekula nini wananijibu kwa Kiingereza. Nilishinda nimekaa kwenye kochi kama mzigo uliosahaulika stendi. Siku ya kumi na nne niliota ndoto kwamba nimekufa, na nilipoamka sikuona tofauti.

Basi alipopata habari za injini, hakungoja Jumapili.

"Mama, hiyo ni ishara," akasema kwenye simu. "Hilo dude wape watu wa vyuma chakavu. Njoo upumzike."

"Nitapumzika kaburini, baba. Huko muda upo wa kutosha."

"Mama, utalima na nini? Mikono?"

Hapo kiburi kikanipanda. Nikasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kulirudisha mdomoni. Nikasema, "Mwisho wa mwezi ukifika hujakuta majaruba yangu yote manne yamelimwa au pawatila iko ndani inalima, nitafunga nguo zangu na nitapanda gari lako bila neno."

Akajibu kwa sauti ya mtu anayeandika, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nakuja na gari."

Baadaye binti yangu akaniambia kaka yake alishanunua kitanda.

*

Fundi alikuwepo, tena wa bure. Ni mume wa huyo binti yangu, anakaa kitongoji cha pili, kazi yake kutengeneza injini za mitumbwi pale mwaloni, ufukweni wanakotia wavuvi. Injini ikimwona inatii. Tatizo lake ni moja tu. Ni mkwe wangu.

Asiyejua mila zetu sisi Wasukuma nimweleze. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawali chombo kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anapindia kichakani, na kichaka kikiwa na miiba basi ni bahati mbaya. Hatazamwi usoni, hasemeshwi hovyo, na kubishana naye ni kama kumvua nguo hadharani. Huyu kijana amemwoa binti yangu miaka kumi na moja, na mimi namjua kwa mgongo. Ukinipangia migongo ya wanaume ishirini nitakuonyesha wa kwake. Sura yake nimeiona zaidi kwenye picha ya harusi.

Kwa hiyo maneno yetu hupita kwa binti yangu. Siku aliyokuja kuikagua pawatila, alisimama hatua kumi kutoka kwangu amenipa ubavu, akamnong'oneza mke wake, mke wake akageuka akaniambia:

"Anasema bloku imetoboka."

"Mwambie nina macho."

"Anasema haitengenezeki. Itafutwe injini nyingine."

"Mwambie atafute."

"Mama, amesikia."

"Najua amesikia, ana masikio kama sahani. Mwambie hivyohivyo."

Akaitafuta, na aliipata Busisi. Kulikuwa na mzee mwenye mashine ya kusaga unga. Umeme ulipomfikia akafunga mota, ile injini yake ya dizeli akaisukumia pembeni, kuku wakataga juu yake. Nikauza mtamba wangu mmoja, injini ikaletwa kwa pikipiki ya matairi matatu, ikifuatwa na vumbi la unga njia nzima. Ilifika Jumatano. Jumamosi ndiyo ile ya mwanangu.

Na Jumatano hiyohiyo binti yangu alipata msiba wa shoga yake wa zamani, akavuka na pantoni kwenda mjini. Akatuacha mimi na mumewe uani, na injini katikati.

*

Alhamisi asubuhi alikuja na spana zake. Mimi nikakaa chini ya upenu nachambua mchele, nimempa kisogo kama inavyotakiwa, ila kisogo changu kina jicho. Akang'oa injini mfu. Akainamia ile mpya. Akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akajikuna. Akajikuna tena. Nikajua kuna neno.

Kwa kuwa mke wake hayupo, akatafuta wa kumwambia. Akakiona kinu changu cha kutwangia.

"Kinu," akasema, kwa adabu zote. "Hii injini puli yake imefungwa upande wa kulia. Puli ya gia za pawatila iko kushoto. Mikanda haiwezi kuvuka."

Nikageuza shingo kidogo. Kweli. Wale wa mashine ya kusaga walikuwa wameifunga hiyo puli, gurudumu la mkanda, upande uliowafaa wao.

"Kinu," akaendelea, "inabidi puli ing'olewe, ihamishiwe upande wa pili. Lakini imeshikana kwa kutu. Ni kazi ya siku mbili."

Siku mbili! Alhamisi, Ijumaa, halafu Jumamosi mwanangu huyo mlangoni na gari lake. Karibu nami alikuwepo kuku mwekundu anadonoa chenga.

"Kuku," nikasema, "mwambie fundi hatuna siku mbili. Kitu kikitazama huku na wewe unataka kitazame kule, unakigeuza. Aigeuze injini yenyewe, puli itakuwa kushoto, kazi imekwisha."

Nikasikia spana ikiwekwa chini.

"Kinu, injini ikigeuzwa, ule mzunguko wake nao..."

"Kuku!" nikamkatiza. "Mwambie fundi kwamba sufuria ikikaa vibaya jikoni tunageuza sufuria. Hatuvunji mafiga. Hii ndiyo shida ya mafundi, kazi ya saa moja wanaifanya harusi."

Akakohoa. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu, kikohozi kirefu cha taratibu. Sasa hivi najua kwamba vile vikohozi vitatu vilikuwa mhadhara mzima wa chuo, na kwamba mtu mwenye akili angeuliza. Mimi nikasema moyoni, huyu naye anataka dawa ya kifua.

Akaigeuza. Afanye nini? Alitoboa matundu mapya kwenye fremu, wakaja wanaume wanne wakaibeba injini kwa mti kama jeneza, wakaiketisha. Mikanda ikanyooka, puli kwa puli. Nilisimama nikapiga vigelegele peke yangu. Kisha nikampigia simu mwanangu.

"Hilo gari," nikamwambia, "ukilileta Jumamosi lije tupu na lirudi tupu."

"Imeshalima, mama?"

"Inalima kesho. Mimi ndiye niliyewaelekeza namna ya kuifunga."

Yaani nilijisifu. Sikuacha hata kipande cha sifa kwa mtu mwingine.

*

Ijumaa asubuhi watu walikuja jarubani kutazama. Sikuwaalika wote, niliwaalika wachache na nikahakikisha wachache hao wana midomo. Jirani wa ng'ombe alikuja bila mwaliko, akabeba na kigoda.

Mkwe akaipiga hendeli, ikawaka alipoipiga mara ya pili. Mlio ulikuwa uleule wa mashineni, tuk-tuk-tuk, na moshi wa kwanza ukatoka mweupe wenye harufu ya unga. Kinamama wakacheka.

"Ngoja nikachukue mahindi yangu!" mmoja akasema.

"Kwanza foleni," jirani akasema. "Mimi nimewahi na kigoda."

Nikawaacha. Nikafunga kanga kiunoni, nikashika mikono ya pawatila. Mkwe alikuwa amesimama pembeni anatazama mawingu.

"Gia ndogo," akayaambia mawingu. "Ndogo kabisa."

Mimi huwa naanza na gia ya pili. Miaka yote naanza na gia ya pili. Mtu anaambiwaje gia ndogo mbele ya jirani mwenye kigoda? Nikaweka ya pili, nikaachia klachi.

Ikanijia.

Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu. Ile mashine, gia ya mbele, ikarudi nyuma. Mikono yake ikanipiga tumboni, nikaanza kwenda kinyumenyume, na yale meno ya kulimia ambayo hukaa kati ya mwendeshaji na magurudumu yakawa yanachimba kunifuata, yanarusha tope kwenye miguu yangu, mpaka kwenye meno yangu mwenyewe. Nilidhani nimekosea gia. Ningeachia tu, mambo yangeisha. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutoachia kitu mbele ya watu. Nikakaza mikono. Nikaifokea. Nyuma yangu kulikuwa na mfereji wenye matete, na mimi nauendea kwa kisogo, kwa kasi ya gia ya pili.

"Wewe mama! Achia!"

Sauti ile sikuijua. Sikuwahi kuisikia ikiwa kubwa.

"Achia hilo chuma! Achia nimesema!"

Kisha mikono miwili ikanishika kiunoni, ikaninyanyua kama gunia la pumba, ikanitupa pembeni kwenye tope, na mwenye mikono akaangukia hapohapo. Pawatila ikatupita, ikapanda tuta, ikaingia mfereji kwa makalio, ikakohoa, ikazima.

Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipojua jambo ni kubwa. Mkwe wangu alikuwa amenifokea, ameniita "wewe", na amenishika kiuno, mbele ya kijiji. Akatazama mikono yake kama imekatwa. Akasimama, akaanza kurudi nyuma, halafu akakimbia. Aliacha spana, aliacha kandambili, moja hapa moja kule.

Jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudishiwa kauli.

"Mwenzangu," akasema, amesimama juu ya kigoda aone vizuri mfereji, "ng'ombe wangu hata wakifungwa nira na mlevi hawalimi kwa matako."

Iandikwe kwamba siku moja nilikosa jibu.

*

Nilijiosha miguu nikaitazama mashine ile mferejini. Sikuhitaji darasa la saba kuelewa. Nilikuwa nimemkuta mtu anatembea kwenda mashariki, nikamshika mabega nikamgeuza, nikashangaa anakwenda magharibi. Mzunguko wa injini nao ulikuwa umegeuka pamoja nayo. Na kuna mtu alikuwa anajua, akajaribu kukiambia kinu, nikamkatiza kwa habari za sufuria.

Kesho yake mwanangu anakuja. Mtu pekee wa kuitengeneza pawatila amekimbia peku, na kwa mila hawezi kukanyaga uani kwangu mpaka alete mbuzi wa kufuta aibu na wazee wakae. Nawajua wazee wetu. Kwa jambo kama hilo wangekaa wiki nzima, na pombe yote ingekuwa kwa gharama yangu.

Nikawaza kile kitanda cha Butimba. Nikawaza lile kochi. Nikachukua zile kandambili mbili, nikashika njia ya mwaloni.

Waliokuwa wanaanika dagaa walinionyesha kwa videvu tu, hawakutaka kutaja. Mtumbwi mmoja mkubwa ulikuwa umepinduliwa kwenye mchanga unazibwa nyufa, na nyuma yake kuna visigino viwili vinachungulia. Viliponiona vikajikunja. Nikakaa upande wangu wa mtumbwi, nikaegemeza mgongo.

"Mtumbwi," nikasema. "Mwambie aliye nyuma yako nimemletea viatu."

"Mtumbwi, mwambie mama nimekosa," sauti ikasema. "Nitaleta mbuzi. Hata wawili."

"Ulijua kwamba itarudi nyuma?"

Mawimbi yalikuja yakarudi.

"Mtumbwi, mwambie mama nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotaja sufuria."

"Na ulininyamazia! Ulitaka nife?"

"Nilikohoa," akasema, na nikasikia kwamba amekasirika, ila hasira yake imevaa adabu kama mtoto aliyevaa koti la baba yake. "Kinu nilikiambia. Kila nikikiambia, kuku anapiga kelele."

Mtu akikwambia kweli ya aina hiyo una njia mbili. Nilitaka sana ile ya kwanza, ya kusimama na kumwambia mtumbwi maneno ambayo yangepasua mbao zake. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho. Na zaidi ya Jumamosi, nilikumbuka yale meno yakinifuata. Huyu kijana alikuwa na nafasi ya kusimama akatunza mila, mimi nikakatwa miguu kwa heshima zote.

"Wewe mkwe," nikasema. Sikumtaja mtumbwi. "Unanisikia? Nasema na wewe."

Nadhani alishtuka kuliko pale topeni.

"Huyo mbuzi sio wako. Ni wangu. Mimi ndiye niliyefunga mdomo wa mtu anayejua kazi yake, kisha nikasema ni adabu. Kesho asubuhi mbuzi nakukabidhi mimi, na yule jirani mwenye mdomo atashika kamba awe shahidi, habari ifike kila nyumba kabla ya saa nne. Mengine ya mila yabaki. Sitakula na wewe, usinizoee. Lakini kwenye kazi ya pawatila utanisemesha kwa mdomo wako, na mimi nitasikia kwa masikio yangu."

"Mama," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo linanijia kwa upole bila kupitia mtu. "Puli inaweza kutoka leo. Tukiipasha moto."

"Leo? Si ulisema siku mbili?"

"Ya pili nilitaka kupumzika, nisisikie kuku."

Nilicheka mpaka waanika dagaa wakasimama. Na moyoni nikasema, kumbe binti yangu hakuolewa na bubu.

*

Mchana ule tulivuta pawatila kutoka mferejini kwa ng'ombe. Ndiyo, ng'ombe wa jirani. Aliwafunga kwa sherehe, akawapigia na wimbo, na nilimshukuru huku nimekaza meno. Kisha mkwe akaifungua injini tena. Tukawasha mkaa wangu wa kupikia kuzunguka ile puli, mimi nikapepea kwa ungo mpaka mkono ukafa ganzi, yeye akigonga.

"Mama, pepea chini zaidi."

Nikapepea chini zaidi.

"Mama, hapo sasa unapoza."

Nikameza mate. Nikapepea tena. Kusemeshwa ni kazi, jamani. Ilikuwa rahisi zaidi alipokuwa mgongo tu.

Jua likiwa linainama puli ikaachia kwa mlio mdogo, kama mtu mkaidi anayekubali hoja. Akaihamishia upande wa pili, injini ikarudishwa ielekee inakotakiwa, kwenye matundu ya zamani. Asubuhi yake mbuzi alikabidhiwa, shahidi akashika kamba huku analia machozi ya uongo, na saa moja na nusu pawatila iliingia jaruba la tatu ikienda mbele. Nilianza na gia ndogo. Sitaeleza zaidi.

Mwanangu alifika mchana na gari lake jeupe. Alikuwa amevaa viatu vya kung'aa, akasimama kwenye tuta kama korongo anayeogopa maji. Nilikuwa tope mpaka nyusi. Mkwe alikuwa anatembea kando yangu, hatua zake za heshima zilezile, ila mdomo umefunguka.

"Mama, punguza! Unachimba ndani mno!"

Nikapunguza. Mwanangu akatoa macho.

"Mama, huyu anakusemesha?"

"Ana ruhusa."

"Ya nani?"

"Yangu. Wewe unayo ya kwako tangu uzaliwe, na bado husemi la maana."

Akatazama majaruba. Mawili yalikuwa yamelimwa tangu mwanzo, la tatu lilikuwa linakwisha, la nne linangoja, na mashine iko ndani ya lile la tatu inanguruma. Neno lilikuwa neno, na lilikuwa langu. Aliona. Akakunja uso, na kwa mara ya kwanza sikumwona mtu wa ofisini, nilimwona yule mtoto aliyekuwa anakataa kulala mpaka nirudi kutoka shamba. Hapo nikakaribia kumhurumia.

"Nilishakununulia kitanda, mama."

"Kilalie wewe. Una mgongo mbaya, nimeona unavyoshuka kwenye gari."

"Na ukianguka huku peke yako?"

"Jana nilianguka. Waliniokota." Sikumweleza aliyeniokota. Jirani angemweleza kabla hajafika pantoni, tena kwa kuigiza.

Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaniuliza kama kuna chakula. Nikamwambia ugali uko jikoni na samaki sato yuko kwenye sufuria, ajipakulie, hapa hakuna mtu wa kumpakulia. Akaanza kushuka tutani, anatafuta pa kukanyaga. Nikamwita. Nikamwambia kabla hajala asogeze gari. Alikuwa ameegesha mahali ninapogeuzia pawatila.